Kikosi cha Yanga na Daftari la Mwalimu

Tarehe 6 Mei 2012 Simba iliifunga Yanga mabao 5-0 katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Tarehe 5 Novemba 2023, katika uwanja huo huo ambao siku hizi unaitwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, Yanga iliifunga Simba mabao 5-1. Kati ya siku hizo mbili ilipita miaka kumi na moja na ushei. Wapenzi wa kandanda wa pande zote mbili wanazikumbuka tarehe hizo kama wakulima wanavyoukumbuka mwaka wa njaa na mwaka wa mavuno, lakini ni wachache waliokaa chini na kujiuliza ni jambo gani hasa lililotendeka katikati.

Swali hilo lafaa kuulizwa hata huku Kidugala, katika Wilaya ya Wanging'ombe, mbali na kelele za Jangwani na Msimbazi. Yeyote aliyepata kupita Makambako siku ya mechi ya watani wa jadi anajua kwamba njia panda ile ya Songea na Mbeya huwa haina mtu asiye na upande. Mwalimu, karani, bwana shamba na fundi mbao wote hubanana mbele ya televisheni moja. Kesho yake ofisini na katika chumba cha walimu mazungumzo ni hayo hayo. Kwa kuwa tunatumia saa nyingi kulizungumza jambo hili, yatupasa tulizungumze kwa manufaa.

Kwanza tuukubali ukweli kwamba Yanga ya mwaka 2012 haikuwa timu hafifu. Kabla ya kutimia miezi mitatu baada ya kipigo kile ilitwaa Kombe la Kagame, na msimu wa 2012/13 ikawa bingwa wa Tanzania Bara. Ilikuwa na Nadir Haroub "Cannavaro" na Kelvin Yondani katika ulinzi, Haruna Niyonzima wa Rwanda katika kiungo, na kijana Simon Msuva pembeni. Mwaka 2014 iliifunga Al Ahly ya Misri bao 1-0 hapa nyumbani, na ikatolewa kwa mikwaju ya penalti tu huko Misri. Timu ya namna hiyo haikosi vipaji.

Upungufu ulionekana pale ilipobidi kucheza mechi sita za makundi mfululizo dhidi ya klabu kubwa za Afrika. Mwaka 2016 Yanga iliingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho, na ikashika mkia. TP Mazembe ya Lubumbashi iliifunga nyumbani na ugenini. Mwaka 2018 iliingia tena, na ikashika mkia tena. Mwezi Mei mwaka huo USM Alger iliitandika mabao 4-0 mjini Algiers. Wachezaji kumi na mmoja waliweza kupigana siku moja kwa moyo wote, lakini kikosi kizima hakikuweza kuhimili safari, majeruhi na ratiba.

Sasa tuulinganishe mwaka 2023. Katika mashindano hayo hayo Yanga iliongoza kundi lake, na safari hii ni yenyewe iliyoifunga TP Mazembe nyumbani na ugenini, mabao 3-1 Dar es Salaam na bao 1-0 Lubumbashi. Ikafika fainali na kukutana na wale wale USM Alger. Ilifungwa 2-1 nyumbani, kisha tarehe 3 Juni ikaenda Algiers, mahali ilipokula mabao manne miaka mitano kabla, ikashinda bao 1-0. Kombe lilikwenda Algeria kwa sheria ya bao la ugenini. Msimu uliofuata Yanga iliingia makundi ya Ligi ya Mabingwa kwa mara ya kwanza tangu 1998, ikaifunga CR Belouizdad mabao 4-0, ikafika robo fainali, na ikatolewa na Mamelodi Sundowns kwa penalti baada ya mechi mbili zilizokwisha bila bao.

Wako wanaosema kwamba siri yote ni fedha. Hatuwezi kuwabeza, kwani ni kweli fedha zimeongezeka. Mwaka 2021 Shirikisho la Kandanda (TFF) lilitia saini mkataba wa miaka kumi na Azam Media wa kuonyesha Ligi Kuu, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Kampuni ya GSM nayo iliingia Yanga kwa nguvu. Hata hivyo, Yanga ilikuwa na fedha pia katika miaka ya 2012 hadi 2017, wakati ilipoongozwa na mfanyabiashara Yusuf Manji. Ilitwaa ubingwa mara nne katika misimu mitano. Manji alipojiuzulu mwaka 2017, Niyonzima alivuka kwenda Simba na Msuva akaenda Morocco. Msimu wa 2017/18 bingwa wa jana akamaliza wa tatu, na klabu ikafikia hatua ya kuwachangisha wapenzi wake ili iendeshe timu. Fedha ilikuwapo, lakini ilikuwa ya mtu. Mtu alipoondoka, kikosi kiliondoka naye.

Hata katika dhiki ile palikuwa na funzo. Msimu wa 2018/19, chini ya Mwinyi Zahera, kikosi hicho cha michango kilipata pointi 86 na kushika nafasi ya pili nyuma ya Simba yenye pointi 93. Wachezaji waliotegemea michango ya wapenzi waliweza kuwa karibu na bingwa. Ni dhahiri basi kwamba moyo ulikuwapo, na kwamba kilichohitajika ni utaratibu.

Utaratibu huo ulikuja kwa sura tatu, nazo zastahili kuangaliwa moja moja.

Sura ya kwanza ni kusajili kwa kuziba pengo. Zamani usajili wa klabu zetu ulikuwa wa majina: mchezaji aliyetufunga mwaka huu ndiye tutakayemnunua mwaka ujao, awe anahitajika au hahitajiki. Mwaka 2021 Yanga iliorodhesha mahali palipovuja. Lango lilipata Djigui Diarra kutoka Mali. Beki wa kulia akawa Djuma Shabani, na mshambuliaji wa kati akawa Fiston Mayele, wote wawili kutoka AS Vita ya Kinshasa. Kiungo cha chini kilipata Yannick Bangala na Khalid Aucho wa Uganda. Mwaka uliofuata akaongezwa Stephane Aziz Ki wa Burkina Faso, akitokea ASEC Mimosas ya Abidjan. Kila mmoja alikuja na kazi yake maalumu, kama fundi anayeitwa kwa sababu paa limetoboka upande fulani.

Sura ya pili ni kumpa mwalimu muda. Kati ya Novemba 2019 na Aprili 2021 timu ilipita mikononi mwa Zahera, Mkwasa, Eymael, Krmpotic, Kaze na Mwambusi. Huyu wa nne alidumu mechi tano. Alipokuja Nasreddine Nabi wa Tunisia mechi yake ya kwanza alifungwa na Azam, na katika desturi ya zamani mguu wake mmoja ungekuwa tayari mlangoni. Aliachwa afanye kazi. Alikaa misimu miwili kamili, akatwaa ubingwa mara mbili, na msimu wa 2021/22 timu yake haikufungwa hata mechi moja ya ligi. Haikufungwa kwa mechi 49 mfululizo, mpaka Ihefu ilipoifunga 2-1 tarehe 29 Novemba 2022 huko Mbarali, mwendo usio mrefu kutoka Makambako.

Sura ya tatu ni kuwa na wachezaji wa akiba wanaostahili kuanza. Kipimo cha kikosi ni siku bora wao anapoondoka. Mwaka 2023 Yanga iliondokewa na Mayele, mfungaji wake mkuu, aliyekwenda Pyramids ya Misri. Ikaondokewa pia na Feisal Salum aliyehamia Azam, na Nabi mwenyewe akaondoka. Mwaka 2017 pigo la namna hiyo liliiangusha klabu. Safari hii walikuja Pacome Zouzoua, Yao Kouassi na Maxi Nzengeli, akaja mwalimu Miguel Gamondi, na miezi michache baadaye zikafungwa zile bao tano. Hapo ndipo tofauti ya miaka kumi inapoonekana waziwazi kuliko katika kombe lolote.

Haki hudai tuseme pia kwamba mtani alisaidia. Simba ndiyo iliyotangulia kufika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2019, na kuirudia mwaka 2021, huku ikitwaa ubingwa wa nchi mara nne mfululizo. Mwaka 2025 ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho. Yanga isingejitazama katika kioo kama Simba isingeisimamisha mbele yake. Na haki hiyo hiyo hudai tuseme kwamba tabia ya zamani haijafa. Kuanzia Novemba 2024 Yanga ilibadilisha walimu mara mbili ndani ya msimu mmoja. Ubingwa wa 2024/25 ulipatikana kwa sababu ghala lilikuwa limekwisha kujazwa. Ghala huliwa, likaisha.

Hapa ndipo tunapofikia jambo linalotuhusu sisi wa Kidugala. Ghala hilo limejazwa na nani?

Tuwatazame Watanzania waliokuwa nguzo za kikosi hiki. Nahodha Bakari Mwamnyeto alitoka Coastal Union ya Tanga. Dickson Job na Kibwana Shomari walitoka Mtibwa Sugar, klabu ya kiwanda cha sukari mkoani Morogoro. Ibrahim Hamad "Bacca" alitoka KMKM ya Zanzibar. Feisal Salum alitokea Zanzibar pia, katika klabu ya JKU. Job alikuwamo katika timu ya vijana ya Serengeti Boys iliyokwenda Gabon mwaka 2017 kwa mashindano ya Afrika ya walio chini ya miaka 17. Clement Mzize ndiye aliyepandishwa kutoka timu ya vijana ya Yanga yenyewe, naye ni mfano wa kuigwa, ila ni mfano mmoja katikati ya wengi waliolelewa kwingine. Klabu kubwa imevuna katika mashamba ya wengine, na wengi wa wenye mashamba ni taasisi ndogo zisizotajwa siku ya sherehe.

Tutazame pia nafasi wanazocheza. Mwamnyeto, Job, Bacca na Kibwana wote ni walinzi. Langoni amesimama Mmali, na mabao yametafutwa na Wakongo, Mburkinabe na Waivori. Idadi ya wageni wanaoruhusiwa katika klabu moja ya Ligi Kuu ilipandishwa kutoka watano hadi saba, kisha kumi, na kufikia msimu wa 2021/22 ikawa 12. Wako wanaotaka milango ifungwe. Mimi siungani nao. Katika miaka hiyo hiyo ya wageni wengi, Taifa Stars ilifuzu Kombe la Mataifa ya Afrika la 2019 baada ya kulikosa tangu 1980, ikafuzu tena lile la 2023 na lile la 2025. Mlinzi wa Kitanzania anayefanya mazoezi kila siku mbele ya Mayele anajifunza ulinzi. Lakini mshambuliaji wa Kitanzania ajifunze wapi, ikiwa nafasi yake imejazwa kabla hajaijua? Jibu haliwezi kupatikana Jangwani. Mshambuliaji na mlinda mlango hutengenezwa wakiwa wadogo, na wakiwa wadogo wamo mikononi mwa mwalimu wa shule.

Nyanda zetu za juu zimekwisha kuonja gharama ya kukosa jambo hili. Njombe Mji ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2017/18. Yanga yenyewe ilifika Njombe na kucheza katika Uwanja wa Sabasaba, na mkoa mzima ulifurahi. Msimu huo huo Njombe Mji ikashuka, pamoja na Majimaji ya Songea. Lipuli ya Iringa ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF mwaka 2019, na mwaka uliofuata ikashuka. Ihefu, iliyovunja mwendo wa mechi 49, ilihamia Singida na mwaka 2024 ikabadilisha hata jina. Furaha tuliipata, na kila mara ilitupita kama mvua ya mawe, kwa sababu timu zilijengwa kwa kukusanya wachezaji waliokwisha kukomaa kwingine. Fedha ilipopungua, wachezaji walirudi walikotoka, na uwanja ukabaki na nyasi zake.

Yapo ambayo yako ndani ya uwezo wetu, nayo hayangoji mfadhili. FIFA imeweka kanuni kwamba mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, sehemu ya ada hiyo, asilimia 5, igawanywe kwa klabu zilizomlea tangu mwaka alipotimiza miaka 12 hadi 23. Na tuiangalie vizuri hesabu hiyo. Miaka 12 ni mtoto wa darasa la sita au la saba. Ni mtoto aliye katika shule ya msingi ya kata yetu, anayecheza UMITASHUMTA leo na UMISSETA kesho. Kanuni inaanza kuhesabu malezi katika umri ule ule ambao sisi twaanza kumsahau. Kwa kuwa mgao huo huenda kwa klabu iliyomsajili, na mtoto wetu hakusajiliwa popote wala hakuandikwa popote, malezi yake ya miaka mitano au sita huhesabiwa kuwa si ya mtu. Klabu ya mjini itakayomchukua akiwa na miaka 19 ndiyo itakayoandikwa kuwa mwanzo wake.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu kwa walimu na watumishi wenzangu. La kwanza, kila shule iwe na daftari la wachezaji lenye jina, tarehe ya kuzaliwa, nafasi anayocheza na mashindano aliyoshiriki, na daftari hilo litunzwe kama linavyotunzwa lile la mahudhurio. La pili, shule za kata moja ziungane na wananchi kuunda klabu ya vijana iliyosajiliwa na chama cha mpira cha wilaya, ili mtoto mwenye kipaji awe na kadi yenye jina la kwao. Mtumishi anayejua kuandika katiba ya kikundi na kutunza mafaili anaweza kuifanya kazi hiyo kwa jioni chache tu. La tatu, mwalimu wa michezo apewe vipindi vyake kamili na asigeuzwe kuwa mtu wa kujaza nafasi za wengine. Yanga haikupata mavuno mpaka ilipomwachia mwalimu wake muda. Tutamnyimaje wa kwetu kile tulichokisifu kwa wengine?

Najua itasemwa kwamba shule zina upungufu wa mipira, kwamba uwanja una mteremko, na kwamba mtihani wa taifa hauulizi habari za kandanda. Yote hayo ni kweli. Lakini daftari halihitaji uwanja tambarare. Na mtihani hauzuiliwi na saa moja ya mazoezi yaliyopangwa. Huzuiliwa zaidi na saa tatu za kuzurura zisizopangwa. Tena wengi wa watoto hao hawatakuwa wachezaji wa Ligi Kuu kamwe. Watakuwa wakulima wa viazi, mafundi, wauguzi na walimu. Waliojifunza kukaa katika nafasi zao uwanjani, na kungoja zamu yao bila kununa, hawatakuwa wamepoteza kitu.

Yanga ilihitaji miaka kumi, aibu mbili za makundi na dhiki ya michango ili ijifunze kwamba kikosi cha kudumu hakijengwi na mfuko wa mtu mmoja. Mtoto wa darasa la sita wa Kidugala anayepiga mpira wa matambara leo atakuwa na miaka 22 ifikapo mwisho wa miaka kumi ijayo, yaani umri wa kuvaa jezi ya Yanga, ya Simba au ya taifa. Muhula huu ndio wa kuliandika jina lake.